Msamaha wa ada ya maombi vyuo vya Marekani: ukiomba unajiharibia?

#1 MtotoWaKyela
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita mwaka huu, PCM, ana daraja la kwanza pointi 4. Anataka kuomba vyuo 8 vya Marekani kupitia Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi. Viwili havitozi ada ya maombi. Sita vilivyobaki vinatoza kati ya dola 60 na 90 kila kimoja, na nilipojumlisha nikapata dola 455. Hiyo kwa shilingi imepita milioni moja, na hapo bado hajapata chuo, ni kubisha hodi tu. Mama anauza mandazi, baba analima mpunga na ana miche ya kakao. Dola 75 ni kama mandazi 1,900 ya shilingi mia mia, na unga na mafuta sijatoa.

Kwenye fomu kuna sehemu inauliza kama mwombaji anastahili kusamehewa ada. Maswali yangu mawili:
Kwanza, chuo kikijua huna hata ya kulipia maombi, si kitakuona mzigo? Jamaa yangu wa Dar anasema ukiweka alama pale umejifukia mwenyewe.
Pili, fomu inasema mtu wa shule athibitishe. Mkuu wa shule amesema hasaini kitu asichokijua.

Vyuo viwili vinafunga 1 Novemba, vingine 1 Januari. Naombeni mwongozo.

#2 Kipanga_Mweusi
Naweka kambi hapa. Nami nina mpwa wangu.

#3 MzeeWaBuckeye
Mkuu #1, nilisoma chuo kidogo Ohio, nimemaliza 2021. Niliomba vyuo 11, nikalipia kimoja tu, na hicho nililipia kwa kutojua.

Kuna vitu viwili usivichanganye. Ada ya maombi ni kitu kimoja, msaada wa fedha wa kusomea ni kitu kingine kabisa. Huyo binti ataomba kulipiwa karo, malazi na chakula, jumla inaweza kufika dola 80,000 kwa mwaka. Mtu anayeomba alipiwe 80,000, akijikamua alipe 75 ili asionekane hana, anamficha nani? Karatasi za mapato ya baba na mama zitakuwa mezani kwao hata hivyo.

Kwa hiyo jibu langu: aombe, bila aibu.

#4 Sinza_Makaburini
#3 umeongea vizuri ila umerahisisha mno. Kuna vyuo visivyoangalia mfuko wa mwombaji wa nje na kuna vinavyoangalia. Visivyoangalia ni vitano tu dunia nzima ya Marekani: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Vingine vyote vina bajeti ya wageni, ikiisha imeisha. Kwenye hivyo, kila dalili ya kukosa inahesabiwa. Mimi bado nasema kama unaweza kukopa, lipa.

#5 MamaJoy_Louisville
Bandugu, jambo. Mimi ni mama wa Uvira, nilipita Nyarugusu miaka mingi, sasa niko Kentucky na batoto bangu. Wa kwanza yuko mwaka wa 12. Mshauri wa shule alimupa hiyo hiyo karatasi ya kusamehewa, mimi nikakataa kusaini. Hapa banasema ukikula vitu vya serikali, siku ya kuomba uraia batakukatalia. Je ni kweli? Maana mtoto analia, anasema wenzake bote bametuma.

#6 Ilongero_Kwetu
#4 hiyo orodha yako ni ya zamani. Dartmouth na Bowdoin waliongezeka 2022, na Brown wakaanza na wanafunzi walioingia 2025. Hata hivyo hoja yako ya pili ina uzito: vyuo vingi havimo kwenye orodha hiyo, na huko mfuko unaangaliwa. Lakini kinachoangaliwa ni kiasi cha msaada unaohitaji kwa miaka minne. Sijawahi kukutana na mtu aliyenionyesha kwamba alama ya msamaha ilimwangusha.

#7 MzeeWaBuckeye
#5 Mama, shikamoo. Saini hiyo karatasi leo. Kwanza, aliyeingia Marekani kama mkimbizi hahesabiwi kwenye ile sheria ya kuwa mzigo kwa serikali, sheria yenyewe inamtoa. Pili, chakula cha shule hakihesabiwi kwa mtu yeyote. Tatu, msamaha wa ada ya maombi hautoki serikalini, chuo ndicho kinachoacha kudai hela yake. Na wewe mko huko huko, mwanao ana haki ambazo mdogo wa #1 hana: akiwa na msamaha wa SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, anaufanya bure mara mbili, anatuma matokeo bure vyuoni, anajaza bure CSS Profile, ile fomu ya vyuo ya kuomba msaada wa fedha, na anapata msamaha wa ada ya maombi kwenye vyuo vingi. Amuulize mshauri wake kesho asubuhi.

#8 MamaJoy_Louisville
Marahaba mwanangu. Na ile FAFSA, fomu ya kuomba serikali ya hapa hela ya chuo? Kuna mutu alinijazia, nikamulipa dola 200.

#9 Ilongero_Kwetu
Mama pole sana. Ile F ya kwanza kwenye jina la FAFSA ni "Free", yaani bure. Mkimbizi na mwenye kadi ya kijani wote wanaruhusiwa kujaza, na hailipiwi hata senti. Huyo mtu akirudi kwa mtoto wa pili, mwambie shule ya mtoto inasaidia kujaza bila malipo.

#10 Dada_Temeke
Hayo ya #8 yamenigusa. Mwaka juzi tulimlipa wakala mmoja hapa mjini 180,000. Alisema ana "namba za msamaha" anazopewa na vyuo, kila namba inafungua chuo kimoja. Tukatuma hela, akatutumia namba yenye herufi kubwa na tarakimu, mdogo wangu akaijaza kwenye kisanduku. Ikakubali. Tukashangilia.

Baadaye nikaingia mwenyewe kwenye ukurasa wa kile chuo. Ada ya maombi: sifuri. Kwa kila mtu, wa ndani na wa nje. Tulinunua funguo ya mlango ambao haukuwa na kufuli.

Angalieni vyuo visivyotoza kabla ya kumpa mtu hela. Grinnell, Kenyon, Colby, na kwa wasichana Smith na Wellesley, hawatozi. Kwenye Common App kuna sehemu ya kuchuja, unaweka alama ya "bila ada" orodha inakuja yenyewe.

#11 Kipanga_Mweusi
Dada pole. Sasa hizo namba zipo kweli au ni uongo mtupu?

#12 Dada_Temeke
#11 zipo. Baadhi ya vyuo vinatuma namba kwa barua pepe kwa waliojiandikisha kwenye mikutano yao ya mtandaoni au walioandika kuomba. Lakini zinatolewa bure kwa mwombaji mwenyewe. Ukisikia mtu anaziuza, kimbia.

#13 Kaka_Eldoret
Vipi majirani. Mimi ni Mkenya. Hii kitu kwetu tulisaidiwa sana na KenSAP, ile programu iliyoanza Iten mwaka 2004 na Mike Boit pamoja na mwandishi wa Marekani John Manners. Tulifundishwa jambo moja ambalo nimelitumia hadi leo kuwasaidia wengine: kama sehemu ya Common App haikufai, andikia ofisi ya udahili moja kwa moja, barua fupi, sentensi nne au tano. Niliandikia vyuo sita. Vinne vilijibu ndani ya wiki, "tumekuondolea ada". Kimoja kilisema msamaha ni wa wakaazi wa Marekani pekee. Kimoja hakijajibu mpaka kesho.

#14 Sinza_Makaburini
Mike Boit yule mkimbiaji wa mita 800?

#15 Kaka_Eldoret
#14 huyo huyo, shaba ya Munich 1972. Kisha akasoma mpaka akawa profesa.

#16 MtotoWaKyela
Asanteni sana. #13 nimeandika barua usiku huu, naomba mniangalie kabla sijatuma:

"YAH: MAOMBI YA KUSAMEHEWA ADA. Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi niliyehitimu kidato cha sita, naandika barua hii kwa heshima na taadhima kuomba ofisi yako tukufu..."

Nitaitafsiri kwa Kiingereza baadaye.

#17 Chalii_Ungalimited
Kaka #16 barua hiyo inafaa kwa Afisa Elimu wa Wilaya! Ofisa udahili wa Pennsylvania akiona "husika na kichwa cha habari" atadhani ni mashtaka 😄

#18 Kaka_Eldoret
#17 muache, ameshajitahidi. #16, jina lake, shule, nchi. Kwamba anaomba kuingia mwaka fulani. Kwamba ada ya dola fulani ni zaidi ya kipato cha familia kwa muda fulani, na utaje muda wenyewe. Kwamba anaomba aondolewe na yuko tayari kuleta barua ya shule. Asante, kwaheri. Na aandike yeye binti kutoka barua pepe yake, usiandike wewe kaka mtu. Wanataka kumsikia yeye.

#19 Mwl_Taaluma
Nimeusoma uzi wote kabla ya kuandika. Mimi ni mwalimu wa taaluma, sekondari ya serikali, mkoa wa ziwa.

#1 usimkasirikie huyo mkuu wa shule. Miaka michache nyuma mwanafunzi wangu aliniweka kama mshauri wake kwenye mfumo huo. Ikaja barua pepe ya Kiingereza, inanitaka nifungue akaunti na nijaze habari za shule. Nikadhani ni matapeli, maana wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepokea nyingine inayosema nimeshinda pauni. Nikaifuta. Kijana aliona aibu kuniuliza, alikuwa ameniambia mara moja tu, akanyamaza. Januari akaja ofisini akiwa na simu mkononi, akanionyesha: faili lake limekosa ripoti ya shule. Tukajaza usiku ule, lakini vyuo vilikuwa vimefunga. Alikuwa mtoto mwenye akili kuliko wote niliofundisha. Sasa ni fundi simu, na nikimpita dukani kwake ananiamkia vizuri tu.

Tangu hapo nimesaidia watano. Ninachoshauri: mdogo wako aende kwa mkuu wa shule na karatasi, asimpigie simu. Achapishe ukurasa wa fomu, atafsiri pembeni kwa kalamu kila swali linauliza nini. Mkuu wa shule hasaini asichokielewa, na hilo ndilo jukumu lake. Akikielewa atasaini.

#20 Dada_Temeke
Mwalimu shikamoo. Asante kwa kulisema hilo wazi.

#21 Mwl_Taaluma
Marahaba.

#22 Kipanga_Mweusi
Mwalimu, sasa ile fomu inauliza sababu za kusamehewa, na mojawapo ni kupata chakula cha bure shuleni. Mpwa wangu alikuwa bweni miaka miwili, ugali maharage kila siku. Si aweke alama hapo?

#23 Mwl_Taaluma
#22 hapana, usimpeleke huko. Hicho ni chakula cha mpango wa serikali ya Marekani kwa familia zenye kipato kidogo. Akiweka alama atakuwa amesema uongo bila kukusudia.

Kwenye ile orodha kuna mambo mengi ya kwao: chakula cha shule, nyumba za serikali, ruzuku ya Pell. Ya kwetu ni mawili. Moja ni kuwa yatima, limetajwa wazi. La pili ni la mwisho kabisa kwenye orodha: kwamba ofisa wa shule, mshauri, au kiongozi wa jamii ataandika maelezo ya kuunga mkono. Hapo ndipo watoto wetu wengi wanaingilia.

#24 Ilongero_Kwetu
Mwalimu naomba kuongeza. Kuna sababu ya familia kupata msaada wa umma. Kaya iliyoko TASAF si inaingia hapo? Ni fedha za serikali kwa kaya maskini, inapimwa, inahakikiwa kijijini.

#25 Sinza_Makaburini
#24 hapana. Pale wanamaanisha msaada wa umma wa kwao.

#26 Ilongero_Kwetu
#25 fomu haijaandika "wa kwao". Imeandika familia yako inapata msaada wa umma. TASAF si umma?

#27 Kaka_Eldoret
Mimi naona aweke alama kwenye maelezo ya kuunga mkono, halafu ndani ya maelezo kiongozi aseme kaya iko TASAF. Hapo hakuna anayeweza kusema umedanganya.

#28 Ilongero_Kwetu
Bodi ya Mikopo inakubali TASAF kama ushahidi. Kama nchi yako mwenyewe imekuhakiki kuwa huna, chuo cha Vermont kina haki gani ya kukataa? Naheshimu mawazo ya #27 lakini mimi ningeweka alama zote mbili.

#29 Chalii_Ungalimited
Tukiwa kwenye Bodi: kule unalipa 30,000 kuomba mkopo wa kwamba huna hela. Wamarekani wanakusamehe. Nisaidieni kuelewa, wanapata nini?

#30 Sinza_Makaburini
#29 hapo umegusa penyewe. Wanapata idadi. Waombaji wakiwa 10,000 na nafasi 1,000, wanajiita chuo kigumu. Wakiwa 30,000, wanajiita kigumu zaidi. Msamaha wa ada ni chambo cha kuongeza majina yatakayokataliwa. Kwa hiyo tusishangilie sana, wengine wanaitwa ili wakataliwe.

#31 MzeeWaBuckeye
#30 lilikuwa na ukweli zamani. Lakini jarida la U.S. News, ambalo orodha yake ya ubora vyuo vinaihofia, liliacha kuhesabu asilimia ya wanaokubaliwa tangu orodha lililotoa 2018. Mimi nilifanya kazi ya mwanafunzi kwenye ofisi ya udahili miaka miwili, nikipokea simu na kupanga mafaili. Nilichokiona: ada ipo ili mtu asiombe vyuo 50 kwa kubonyeza tu. Ni kizuizi. Ukijua aliyekaa upande wa pili ana nia, kizuizi hakina kazi.

#32 Dada_Temeke
Mbona Common App yenyewe haikuruhusu kuomba zaidi ya vyuo 20? Kizuizi tayari kipo bila ada.

#33 MzeeWaBuckeye
#32 kweli, hilo sikulifikiria.

#34 Kaka_Eldoret
Mimi nafikiri ni rahisi kuliko mnavyosema. Kuna watu pale ndani wanaotaka mtoto wa Kyela aingie. Nimekutana nao. Ofisa aliyeniondolea ada alinikumbuka nilipofika, miezi kumi baadaye, akaniuliza kama nyanya yangu anaendelea vizuri, kwa sababu nilimtaja kwenye insha. Huwezi kuniambia huyo alikuwa anatafuta idadi.

#35 Sinza_Makaburini
#34 mtu mmoja mwema hafuti mfumo. Lakini nimekusikia.

#36 Nyota_ya_Bukoba
Jamani na vyuo vya California? Binamu yangu ameng'ang'ania huko.

#37 Ilongero_Kwetu
#36 Chuo Kikuu cha California hakimo kwenye Common App, wana fomu yao. Ni dola 80 kwa kila kampasi kwa walioko Marekani, 95 kwa mwombaji wa nje. Msamaha upo hadi kampasi 4, lakini ni wa raia, wakaazi wa kudumu na wale wanaostahili chini ya AB 540, sheria ya California kwa waliosoma shule huko. Mwombaji kutoka Bukoba hapati. Na msaada wa fedha kwa wageni pale karibu haupo. Mwambie aangalie vyuo binafsi vidogo.

#38 MzeeWaBuckeye
Naongezea: MIT nao wana fomu yao, nje ya Common App, na wanasamehe hata mwombaji wa nje kama ada ni mzigo. Harvard nao wanasamehe mwombaji wa nje, ila wao wamo kwenye Common App. SAT ndiyo haisamehewi kwa asiye raia wa Marekani anayeishi nje, hilo mjipange nalo mapema. CSS Profile ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, lakini baadhi ya vyuo vinakuruhusu ujaze fomu nyingine ya bure badala yake. Uliza kila chuo.

#39 MtotoWaKyela
Wakuu nimerudi. Poleni kwa ukimya wa siku nne, yamepita mengi.

Tulifuata ushauri wa Mwalimu #19. Mdogo wangu alichapa kurasa zote, akaandika tafsiri pembeni kwa kalamu nyekundu, akapanda basi kwenda shuleni. Mkuu wa shule alizisoma mbele yake, ukurasa kwa ukurasa. Akasema, "Sasa naona." Ila akasema yeye anaweza kuthibitisha masomo na tabia, kipato cha nyumbani hakijui, aende kwa mtendaji wa kijiji.

Kwa mtendaji ndipo tulipokwama. Alivuta daftari la kaya, akaweka kidole kwenye jina la baba, akasema, "Huyu ana ekari 2 za kakao na nyumba ya bati. Nikiandika ni maskini, wenye nyumba za nyasi nitawaandikaje?" Na baba alikuwa amekaa hapo kwenye benchi. Akanyanyuka. Akasema hajawahi kuandikwa maskini na hataandikwa leo kwa ajili ya Wazungu. Akatoka nje.

Mdogo wangu hakulia. Alimfuata, wakakaa chini ya mwembe karibu nusu saa. Sijui walichoongea. Simuulizi.

#40 Kipanga_Mweusi
Daah. Naumwa moyo.

#41 MamaJoy_Louisville
Namuelewa baba. Hata mimi, ile siku ya kwanza kupanga mustari wa chakula hapa, nilifunika uso na kitenge.

#42 Mwl_Taaluma
Mtendaji yuko sahihi na baba yuko sahihi. Neno "maskini" ndilo lililowagonganisha, na fomu haikuliomba. Fomu inaomba mtu aseme kwamba ada itakuwa mzigo kwa familia. Mtendaji aandike anachokijua kwa macho yake: watu wangapi nyumbani, ekari ngapi, mazao gani, mavuno yanakuja mara ngapi kwa mwaka, watoto wangapi wako shule na nani analipa. Kisha sentensi moja: ada za vyuo hivi sita zinazidi fedha taslimu ambazo kaya hii inabaki nazo baada ya msimu. Hapo hakuna aliyeitwa maskini.

#43 Sinza_Makaburini
Mwalimu heshima yako. Ila bado nina wasiwasi: ofisa wa kule akisoma "ekari 2 za kakao" anaweza kudhani ni shamba la tajiri. Amesikia bei ya kakao ilivyopanda duniani mwaka 2024.

#44 Kaka_Eldoret
#43 ndiyo maana ataje mapato kwa dola. Nambari hazina lahaja.

#45 Ilongero_Kwetu
Au asiitaje kakao kabisa, aseme "wakulima wadogo".

#46 Mwl_Taaluma
#45 hapana, ataje. Kile anachokificha kwenye barua kitaonekana kwenye fomu ya fedha, na hapo ndipo watakapoacha kumwamini.

#47 MtotoWaKyela
Tumefanya kama Mwalimu alivyosema. Mtendaji ameandika ukurasa mmoja kwa mkono, Kiswahili, akapiga mhuri. Nimeutafsiri, mkuu wa shule ameweka mhuri wake kwenye tafsiri. Baba ameusoma wote. Akasahihisha kitu kimoja: mtendaji aliandika watoto watano, baba akasema andika sita, yule aliyefariki naye alisomeshwa.

Majibu mpaka sasa: mdogo wangu aliandikia vyuo vitatu. Kimoja kimemwondolea ada siku iliyofuata bila kuuliza hati. Kimoja kimeomba barua ya shule, tumetuma. Cha tatu kimesema msamaha ni kwa wakaazi wa Marekani, tukakitoa kwenye orodha. Vitatu vilivyobaki tunaweka alama kwenye Common App na mkuu wa shule atathibitisha.

#48 Sinza_Makaburini
Hicho cha tatu kimenipa haki kidogo 😊 Lakini hongereni, kwa moyo mweupe kabisa.

#49 MzeeWaBuckeye
#48 kimekupa haki kuhusu wakaazi, si kuhusu kujiharibia. Hakuna aliyekataliwa udahili hapo.

#50 Sinza_Makaburini
#49 tusubiri Machi tuone.

#51 MamaJoy_Louisville
Nimesaini. Mtoto ametuma vyuo tisa usiku mumoja, sikulipa kitu. Mungu abariki kila mutu hapa.

#52 Mwl_Taaluma
#47 naomba hiyo barua ya mtendaji, ukitoa majina. Nina wawili mwaka huu, mmoja ni yatima wa wazazi wote, mwingine baba yake ni mvuvi na mtendaji wetu naye anauliza maswali hayo hayo. Nataka niwaandalie mapema, 1 Novemba haiko mbali.

#53 MtotoWaKyela
Mwalimu, nimekutumia ukurasa wa kwanza faraghani. Wa pili ni ule wenye mhuri wa shule, niko steshenari naskani, umeme umekatika. Ukirudi natuma.